Hesabu, Mwalimu

Siku ya kuwapima wazee afya, foleni ilizunguka ofisi ya kata. Nesi Hidaya alimtambua Mwalimu Bakungu kabla hajaketi. Mzee hakumtambua. Alikunja mkono wa shati, akanyoosha mkono wa kulia, mkono uleule uliomvunja Hidaya kidole cha mwisho kwa fimbo alipokuwa darasa la nne. Kidole hicho hakikunyooka tena.

Hidaya alimfunga mkanda wa presha, akaminya mpira wa kuujaza upepo. Mshale ulipanda ukapitiliza kiwango cha hatari. Mwenye presha kama ile hupelekwa hospitali papo hapo, na gari lilikuwa linasubiri nje. Alishika kalamu aandike hivyo kwenye kadi ya mzee, akaiweka chini. Akaminya tena.

"Inabana, mwanangu," mzee alilalamika.

"Hesabu."

"Nihesabu nini?"

"Hesabu kwa sauti, Mwalimu. Ukikosea, tunaanza upya."

Mzee alicheka kidogo, akaanza. Alipofika sita alinyamaza. "Ukikosea, tunaanza upya" yalikuwa maneno yake mwenyewe, aliyowaambia watoto kila alipowachapa. Macho yake yalishuka hadi kwenye kidole kilichopinda juu ya mpira.

"Kumbe ni wewe," alinong'ona.

"Umenyamaza. Anza moja."

Dereva alichungulia mlangoni. "Nesi, kuna mgonjwa wa kupeleka?"

Hidaya hakugeuka. Kadi ilikuwa bado tupu, na mkanda bado umejaa.

"Moja," mzee alisema, jasho likimtiririka. "Mbili."