Ugoro wa Mzee Randu

Chafya ilitoka ndani ya nyumba, nzito, ya kifua kipana, na bakuli la mihogo nusura limponyoke Kache mikononi.

Wageni wake wawili, waliokaa bustanini kando ya matuta ya bamia, waliinua vichwa.

"Ni baba," Kache akasema upesi. "Ugoro wake huo. Si mnaijua ile tabakero yake ya pembe, anamouweka? Haimtoki mkononi mpaka afe."

Mbeyu akacheka. "Mzee Randu! Kumbe yupo! Siku moja atatoboa paa huyu."

Dorcas hakucheka. Alikipakata kikapu chake, akakikumbatia.

Jamani, mama mwenye mtoto wa kuficha asikaribishe wageni, hata wawe wale aliolima nao tangu usichana. Kache alilijua hilo, lakini utamfukuzaje mwenzio aliyepiga hodi baada ya miaka? Vita viliwatawanya, siku ile serikali ilipochoma nyumba za Wagiriama na kuwavusha watu mto Sabaki. Dorcas akaingia misheni. Mbeyu akaolewa na hedimani, mkuu wa kijiji wa serikali, na sasa mumewe ndiye aliyekuwa akisaka vijana wa kuibebea serikali mizigo katika vita vyake na Mjerumani. Na baba? Kache hakumtia machoni tena tangu moshi ule. Aliamini yu hai, maana hakuna aliyemletea habari nyingine.

Aliyepiga chafya ni Karisa, mwanawe wa pekee, aliyejilaza juu ya uchaga katika vumbi la mahindi. Vijana waliochukuliwa kijijini hapo, hakuna hata mmoja aliyerudi.

"Wewe Kadzo," Mbeyu akamwambia Dorcas, "au mpaka nikuite kwa jina la ubatizo? Mbona umenuna? Zamani tukipalilia hapa ulikuwa ukituvunja mbavu."

"Nimechoka na njia, shoga." Dorcas akamgeukia Kache. "Nina neno nawe, Kache. La faragha."

Kache akaanza kushuku. Neno gani hilo? Au wamepangana hawa, mmoja achekeshe, mwingine achunguze? Maana macho ya Dorcas hayakubanduka mlangoni.

Chafya ya pili ikatoka.

Mbeyu akasimama, akajifunga leso vizuri. "Haiwezekani. Tule mihogo ya watu na mzee yumo ndani hatujamwamkia? Watasema hatukufunzwa."

"Amelala," Kache akasema.

"Anapiga chafya usingizini?" Safari hii Mbeyu hakucheka.

Kabla Kache hajageuka, Dorcas alikwishaingia ndani na kikapu chake. Basi, Kache alijiambia, mtoto amekwenda.

"Shikamoo, baba!" Sauti ya Dorcas ilisikika hadi bustanini. "Ni mimi, Kadzo... Ee, baba. Ee. Nitawaambia."

Akatoka, akasimama kizingitini akiwa ameuziba mlango.

"Mbeyu, usije. Homa imempanda, nguo zote amezitupa chini. Utamwona mzee uchi?"

"Mungu aniepushe!" Mbeyu akageuza uso haraka. Laana ya namna hiyo hata mke wa hedimani anaiogopa. Akapaza sauti palepale aliposimama: "Shikamoo, baba! Pole na homa!"

"Marahaba," ikajibu kutoka ndani sauti nzito yenye kukwaruza.

Mbeyu akaridhika. Akachuma bamia zake za kwenda nazo, akaaga, akashika njia.

Kache alingoja mpaka leso ile ikapotea nyuma ya mihogo. Kisha akamwangukia Dorcas shingoni, huku analia, huku anacheka.

"Umeniokolea mwanangu, shoga! Na mimi nilikushuku wewe! Lakini ulijuaje? Hata hujaingia ndani, ulishajua kuwa si baba."

Dorcas akamketisha kizingitini. Alitia mkono kikapuni, akatoa kitambaa kilichopigwa fundo, akalifungua polepole.

Akaiweka kiganjani mwa Kache ile tabakero ya pembe.