Siku Kilian Alipotoweka

"Shikamoo, Mzee Othmar!"

Mzee Othmar akapita na jembe begani, kana kwamba amesalimiwa na upepo. Hiyo ilikuwa mara ya tatu.

Kilian akasimama katikati ya njia ya kijiji cha Kingerikiti, moyo ukimdunda kwa furaha. Akamkimbilia Notburga, muuza maandazi, akampungia mkono mbele ya uso. Notburga akageuza maandazi yake. Kilian akachukua moja la moto, akalitafuna palepale. Notburga akameza mate, akageuza jingine.

"Imewezekana!" Kilian akanong'ona.

Kwa miaka mitatu alikuwa mwanafunzi wa Mama Hansa, mjane wa Kihindu mwenye duka la vitenge Mbinga mjini. Mama huyo alimfundisha kuliimba jina la Krishna, kuwasha taa ya sala, na kumpa mgonjwa maji kabla ya kunywa yeye. Kilian aliyaona hayo mambo ya chekechea. Alikuwa amesikia kwamba waliobobea katika ibada hupata uwezo wa kutoonekana na watu, na huo ndio alioutaka.

"Nguvu hizo zipo, mwanangu," Mama Hansa alimwonya. "Lakini ni vibanda vya njiani. Anayeingia vibandani hafiki kwa Mungu."

Kilian akaona kibanda kimoja tu hakina neno. Akajifungia siku arobaini katika nyumba yake ya pembeni mwa shamba la kahawa, akiishi kwa uji aliowekewa mlangoni na mama yake. Siku ya thelathini na nane watu waligonga, wakamwita, hata wakalia. Akajua ni vishawishi. Akaziba masikio kwa pamba. Siku mbili za mwisho hakula kitu, na hilo nalo akajisifia.

Leo ndipo alipotoka.

Akajipenyeza katikati ya wanaume waliokuwa wakizungumza barabarani. Wote wakanyamaza, wakatazama milima. Akaona kwamba angalau wamehisi utakatifu ukipita.

Mbele kidogo, mahali pa kusubiria magari ya Mbinga, akamkuta Mama Hansa mwenyewe, amevaa sari nyeupe, macho mekundu. Kilian akamwendea taratibu, akasimama mbele yake.

"Kilian," Mama Hansa akasema. "Kaa chini, mwanangu."

Kilian akashtuka, kisha akacheka. "Unaniona! Nilijua tu. Wewe umekamilika, Mama, huwezi kufichwa kitu. Hawa wengine wote macho yao hayafiki kwangu."

"Wanakuona wote. Jana kijiji kilikaa kikao, wakakatazana kukusalimia. Mimi si wa huku, katazo lao halinihusu."

Akamshika mkono.

"Nilikuja tu kumzika mama yako."