Fungu la Pili

Ukame ulipowahamisha wanyama, Tembo alitangaza bima ya safari: atakayetoa fungu la mizizi, akiumia njiani atabebwa.

Ngiri, bahili wa mabahili, alicheka. "Nitoe chakula changu kwa balaa lisilokuwapo? Bima ni ya waoga kama wewe, jirani!"

"Kwa mwoga huenda kicheko," alijibu Nungunungu, akaendelea kuchimbua mizizi yake.

Njiani Ngiri alitumbukia shimoni, akavunjika mguu. Msafara ulimpita. Tembo alirudi, akampakia mgongoni.

"Lakini mzee, mimi sikutoa kitu," Ngiri alinong'ona.

"Jirani yako alikutolea. Ndiyo maana tangu jana hajala."

Ngiri alitazama chini, akamwona Nungunungu akiyumba kwa njaa.

Tangu siku hiyo, Ngiri hali chakula ila amepiga magoti.