Mkwe wa Lukafu

"Taya?" iliuliza sauti nyuma ya pazia la jikoni.

"Pneu, mama."

"Bureki?"

"Frein."

"Na muntu akikukanyaga mu soko?"

"Sori."

"Aa, Kasonde!" Pazia lilitikisika kwa hasira. "Weye njo unakanyagwa, na weye njo unasema sori?"

Dorcelle, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda kati ya mchumba wake na mama yake, alicheka mpaka akaanguka. Kwa desturi zao mkwe hakutakiwa kutazamana na mama mkwe. Kwa hiyo Mama Marceline alifundisha akiwa amejificha, na Kasonde alijifunza akilitazama pazia hilo la kanga yenye picha za ndizi.

Jina halikuwa na shida. Akina Kasonde wamejaa pande zote mbili za mpaka. Shida ilikuwa mdomo: kwao maneno yalikopwa Kiingereza, hapa Kifaransa. Kasonde alizaliwa Chingola, Zambia, na alikuwa dereva wa lori. Kila alipovuka mpaka wa Kasumbalesa alikuja moja kwa moja hapa Naviundu, Lubumbashi, kumwona Dorcelle, baba yake, Papa Vital, akiwa kazini. Akifungua kinywa tu, hata mbwa wa jirani walijua ametoka ng'ambo.

Na Papa Vital alikuwa ameapa: mtu wa ng'ambo hataoa nyumbani kwake. Tangu juzijuzi mpaka ulipofungwa ghafla kwa siku kadhaa, na watu wakaanza kuulizana barabarani nani ni nani, mzee alizidi kuwa mkali. Alisimamia depo ya unga katikati ya mji, na unga wenyewe ulitoka Zambia, lakini hakuwahi kukanyaga Kasumbalesa kwenda kuupokea. Siku zote alituma watu. Hakuna aliyejivunia Lubumbashi kama yeye.

Basi watatu hao wakaamua kwamba Kasonde atakuwa mtoto wa Lukafu, upande huu wa mpaka. Ni mbali, ni shamba, nani ataenda kuuliza?

"Mama," Kasonde aliuliza siku moja, "makosa yetu yote watu wa ng'ambo umeyajulia wapi?"

"Nilifundishaka muntu mugumu kuliko weye," pazia lilijibu. "Tena! Taya?"

Jumapili ya kujitambulisha ikafika. Kasonde alivaa suti, akaketi mbele ya Papa Vital, na bukari, ugali wa hapa, ikatua mezani ikifuka moshi. Kila kitu kilienda vizuri. Alisalimia kwa mikono miwili, alisema "muzuri" pale pa kusema "muzuri", akasifu sombe, kisamvu cha mama mkwe. Dorcelle, akiwa amesimama mlangoni na jagi la maji, alikuwa akijiuma mdomo asicheke.

"Na hii kazi ya lori," mzee alisema, "barabara haikusumbue?"

"Inasumbua, papa. Juzi nilikuwa mu mulima, mara nasikia bum! Taya..."

Jagi likatikisika. Nyuma ya pazia sufuria ikaanguka.

"...tayari," Kasonde aliendelea haraka, "tayari pneu ilishapasuka."

Papa Vital alimtazama usoni. Kisha akakohoa, akakohoa tena, akajifuta machozi. "Pilipili," alisema. "Marceline anatiaka pilipili mingi."

Hapo ndipo mlango ulipogongwa. Aliingia mwanaume mrefu mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi, amebeba gunia la maharage. Ni Emery, kaka mkubwa wa Mama Marceline. Huyo Emery alilima wapi? Lukafu. Kwa furaha ya kupanga uongo, hakuna aliyemkumbuka.

"Uyu njo mukwe?" Emery aliketi. "Kwabo ni wapi?"

 Kasonde alitazama pazia, na ndizi zile hazikumsaidia.

"Lukafu," alinong'ona.

"Lukafu!" Emery alipiga meza kwa furaha. "Kumbe ni mutoto yetu! Uko wa nani? Nyumba yenu iko upande gani? Sema tu, miye najua bantu bote kule!"

Kasonde alitia tonge kubwa mdomoni apate muda.  Alimwona Dorcelle akifumba macho. Aliona maisha yake yote yakirudi Chingola peke yake, bila mke.

"Emery," Papa Vital alisema, "acha mutoto akule."

"Naulizia tu baba yake..."

"Bukari inapoa. Mambo ya bukoo itakuya nyuma." Akamsogezea shemeji yake sahani iliyojaa, kisha akasimama na kunyoosha kidole. "Nilishamusikiliza, nilishamuangalia. Uyu iko mutoto ya hapa. Namukubali."

Vigelegele vilipasuka jikoni kabla hajamaliza. Dorcelle alimwaga maji yote sakafuni, akacheza juu yake. Emery, mdomo umejaa, alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu Lukafu imeoa. Hata Mama Marceline alisahau desturi, akachungulia, akamwona mkwe wake uso kwa uso kwa mara ya kwanza, akapiga kelele na kurudi mbio nyuma ya ndizi zake.

Jua likiwa bado kali, Papa Vital mwenyewe alimsindikiza mgeni hadi barabarani. Kasonde alitembea kama miguu haigusi ardhi. Alikuwa amefaulu. Angeweza kumkumbatia kila mtu wa Naviundu, hata muuza makaa.

Penye kona mzee alisimama. Alitazama nyuma, akahakikisha hakuna anayesikia. Akamshika bega, na akaanza kusema kwa Kibemba cha ng'ambo, kile kilichochanganywa na Kiingereza kila baada ya maneno mawili:

"Kijana, ukivuka kesho, pitia kwetu Mufulira, mtaa wa Kantanshi. Mwambie mama yangu kwamba mjukuu wake anaolewa na mtu wa nyumbani."