Fundo la Tatu

Ngoma na zumari za upande wa bwana harusi zilikuwa zimefika mlangoni. Baba mtu alimzungushia Gülizar utepe mwekundu kiunoni mara mbili, akaufungua mara zote mbili, kama ilivyo desturi ya harusi za kwao. Mara ya tatu ndiyo fundo, na likishafungwa binti huondoka na watu wa mumewe.

"Baba," binti alinong'ona chini ya shela, "simtaki. Nirudishe ndani."

Baba akabaki ameshika ncha za utepe bila kuzifunga.

"Mzee, fundo tu hilo!" shemeji yake akapaza sauti. "Au tumwite mama yako aje akufundishe?"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Naye akacheka nao. Akalikaza fundo.

"Limekubana, mwanangu?" akauliza, bila kuinua macho.