Bangili ya Viboko

Nyamizi alikuwa anasonga ugali fimbo ya kwanza ilipomtua kwenye kiganja cha kulia, mwiko ukamdondoka. Siku hizi mtoto akichapwa shuleni, maumivu yote humfikia mzazi kwa bangili anayovishwa mkononi, mtoto hasikii kitu. Wazazi walilalamikia viboko weee, wakajibiwa: basi bebeni nyie. Nyamizi akawa wa kwanza kunyoosha mkono, maana uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

“Leo tena, shoga?” jirani yake akacheka ng’ambo ya ua. “Huyo Kalunde wako kachelewa namba ya asubuhi?”

“Acha tu. Bora mimi kuliko yeye,” akajibu, kakunja ngumi mpaka fimbo zikaisha.

Jioni Kalunde alirudi akirukaruka, akatupa begi, akageuka atoke kucheza.

“We mtoto, vyombo kwanza!”

Kalunde akasimama. Hakununa. Akaitazama ile bangili mkononi mwa mama yake, kisha akasema kwa upole kabisa, “Basi kesho nitachelewa tena namba, mama.”

Nyamizi akavuta beseni, akaanza kuosha vyombo kwa mkono wa kushoto.