Sakafu Imepanda

Mkaguzi wa majengo alijigonga kichwa mlangoni, akaingia ameinama kama anayetafuta sindano iliyoanguka.

Mwenye nyumba, mama mshonaji, hakumpa hata pole.

"Sakafu mliipandisha lini?" mkaguzi akauliza huku akisugua paji la uso.

"Mlipotuambia tuipandishe au tuhame. Tukajaza kifusi, tukamwaga zege. Tulipofika kwenye kuinua kuta na paa, maji yakazidi unga."

Mumewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Mtaa mzima ulimwita Mlingoti kwa urefu wake, lakini tangu sakafu ipande alitembea ndani amekunja shingo, na kipara chake kilikuwa na makovu ya boriti, mapya juu ya makuukuu.

Mkaguzi akanyoosha futi kutoka sakafuni hadi kwenye bati. Akaguna.

"Paa liko chini mno, mama. Kwa kanuni, hii si nyumba ya kukaa watu. Itabidi mbomoe."

"Si nyie mlioagiza?"

"Wale ni watu wa mafuriko. Mimi napima paa."

"Mke wangu, yaishe," Mlingoti akanong'ona.

"Hayaishi!"

Mama akaufunga mlango, akazungusha ufunguo, akautumbukiza kifuani. Kisha akamgeukia mkaguzi, aliyekuwa bado ameinama, mkono mmoja gotini.

"Haya, mwanangu. Yarudie hayo maneno yako. Ila safari hii uyaseme umesimama wima."